Kabula, Wameniita Mbaguzi

Kabula rafiki yangu,

Leo hakukaliki. Nimefagia uwanja, nikaufagia tena ukiwa safi. Wameniita mbaguzi. Mimi, Mhehe niliyeishi ukuta kwa ukuta na wewe Msukuma hapa Idodi, tukanyonyesheana watoto!

Ni habari ya binti yako Milembe. Baba yake alitaka kumtoa shule, yuko kidato cha pili tu, aolewe na mtu wa Usangu mwenye ng'ombe wengi. Siku ya posa nilikwenda kwenu bila kualikwa. Nikasema mbele ya wageni, "Hii mila ya kubadilisha binti na ng'ombe ni mbaya. Mama yake aliikataa."

Baba Milembe akasimama. "Mama Upendo, tunavumilia mengi hapa. Sasa unatukana hadi asili yetu. Huo ni ubaguzi."

Maneno yale yale uliyasema wewe, ukipepeta mchele pale kibarazani kwangu. Wewe walikuita mkaidi tu. Kwani neno hubadilika likitoka kinywani mwangu?

Kesho yake, kwenye mashine ya kusaga, wanawake wa kwetu wakanipongeza. "Umewaweza! Ndivyo walivyo hao. Warudi walikotoka na ng'ombe wao."

Kabula, moyo ulinichafuka kuliko kwa lile tusi. Nikamwuliza aliyecheka zaidi, "Na binti yako, nani alimtoa shule? Msukuma?" Kicheko kikakatika. Sasa pande zote mbili wananisalimia nusu mdomo.

Nikarudi kwa mumeo. "Shemeji, sikusema Wasukuma ni wabaya. Nasema Milembe anaumia. Na kwetu wapo wanaofanya hivyo hivyo."

Akaniangalia. "Mbona hukuanza na wa kwenu?"

Ni kweli, sikuanza na wa kwetu.

Hapo Milembe akatoka ndani, akapiga magoti, akazungumza na baba yake kwa Kisukuma. Sikuelewa yote. Nilisikia jina lako. Mzee akainama. Kisha akasema, "Kavae sare, mwanangu. Posa nitairudisha mwenyewe."

Amekwenda shule, Kabula. Hata leo kapita hapa, kanisalimia kwa Kihehe, "Kamwene," kwa ile lafudhi yenu. Ila baba yake hanisemeshi, nami simlaumu. Usiku najigeuza: niliichukia mila, au kuna pembe ya moyo wangu iliyofurahi kuwa ni yenu? Wewe ungenijibu bila kunionea aibu. Ndiyo maana kukukosa kunauma hivi.

Pumzika kwa amani, rafiki yangu. Milembe ana mama mwingine ukuta wa pili, hilo lisikusumbue. Na Jumapili hii, kwenye kikao cha akina mama, nitasimama niwataje mabinti wa Kihehe waliotolewa shule, kwa majina ya baba zao, kwa sauti ile ile niliyoipaza kwenu.

Wako,
Mama Upendo