Sensa Mbili Ambazo Rangel Hakuzibadilisha

Mtaa wa Zdravets 14,
Berkovitsa.
Jumapili, 12 Novemba 2023.

Mpendwa kaka Kamen,

Natumaini mgongo umeacha kukusumbua na kwamba huko Zaragoza baridi haijawabana. Mimi mzima. Mama yupo, figo zake ni zile zile.

Juzi Ijumaa gari lilikataliwa kwenye ukaguzi wa mwaka. Mkaguzi, Velichka Tonova, aliandika kwamba moshi wake umepita kiwango na sensa zote mbili za oksijeni, yaani vihisi vinavyopima moshi wa injini, zimekufa. Bila cheti haliruhusiwi barabarani, na mama husafishwa damu hospitalini mjini Montana kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi.

Utakumbuka taa ya injini iliwaka miaka miwili iliyopita. Gari lilinuka petroli, na tangi la safari kumi likawa la safari saba. Nilitaka kwenda kwa fundi wa mjini. Ukanipigia simu: tusiwape wageni kazi na binamu Rangel ana gereji, damu ni damu. Nikatii.

Rangel alilirudisha siku ile ile. "Taa imezima, dada, umepona!" Nikamuuliza kuhusu harufu. "Kwani wewe unaendesha gari au unalinusa?"

Velichka aliwasha gari mara tatu, akainama chini ya usukani, akanionyesha. Rangel aliunga waya wa taa ya injini na ule wa taa ya oili, ziwake pamoja na kuzima pamoja, hata injini ikiwa mbovu.

"Fundi wenu hakumtibu mgonjwa, bibie. Alimziba mdomo."

Sensa za gari kama letu hubadilishwa kwenye kilomita laki moja hivi, au mapema zikipimwa na kuonekana zimechoka. Zetu zina laki mbili na elfu kumi. Ya mbele ilipokufa, injini ikanywa petroli kupita kiasi, nayo ikaunguza kichujio cha moshi ndani ya ekzosi. Ingebadilishwa wakati ule, kichujio kingepona.

Nilimfuata Rangel. Alisema, "Mbona Kamen hajalalamika?" Ungelalamikaje, nawe hulipandi?

Jana jirani Gencho alimpeleka mama kwa gari lake la mizigo, kati ya makreti ya kabichi. Mama akamwambia, "Kabichi zako zinakwenda kutiwa chumvi, mimi nakwenda kutolewa." Gencho alicheka njia nzima. Mama alirudi midomo imekuwa ya buluu kwa baridi.

Usimpigie Rangel simu. Kazi nimempa fundi Asparuh, mgeni kabisa, na safari hii hukuulizwa.

Msalimie wifi Snezhana. Shangazi Penka anakusalimu.

Gencho atampeleka mama Jumanne. Alhamisi sijapata mtu. Ukaguzi wa marudio ni Ijumaa tarehe 17, saa mbili na nusu asubuhi.

Mungu akuweke salama, na Alhamisi amtazame mama.

Dada yako akupendaye, ingawa si wiki hii,
Tsvetana