Mkeo Anaumwa, Hajakosa

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili mchana, 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi. Habari za huko na kazi ya usukani? Mgongo umeacha kukusumbua? Sisi tunaendelea, ila mkeo anaumwa na mimi nimekasirika. Barua hii anakuletea dereva mwenzako, kwa sababu kwenye simu ungenikatia.

Nimeusoma ujumbe uliomtumia wifi yangu. Eti shangazi kakwambia daktari kamkuta na UTI, nawe papo hapo ukaamua ana mwanamume, arudi kwao kabla ya Jumamosi. Hukuuliza hata swali moja. Hasira hasara, mdogo wangu, na hii ni hasara ya miaka sita ya ndoa.

Sasa nisikilize. Zahanati nilikwenda naye mimi. Vijidudu vya UTI mara nyingi vinatoka kwenye mwili wa mtu mwenyewe, huko kwenye njia ya haja kubwa. Vikihamia kwenye njia ya mkojo, vinapanda hadi kwenye kibofu. Njia ya mwanamke ni fupi, tena jirani, basi safari yenyewe ni hatua mbili. Watoto wadogo wanaumwa, vikongwe wanaumwa, hata watawa wanaumwa. Nao wamefumaniwa na nani?

Vijidudu hivyo hutolewa kwa kunywa maji na kukojoa, na hapo ndipo penye balaa. Kule kiwandani wanakoshona mashati, ufunguo wa choo msimamizi anauvaa shingoni. Ruhusa ni mara mbili kwa siku. Ukiomba ya tatu anakutangaza mbele ya mashine zote. Mkeo anashona kola asubuhi hadi jioni huku amebana mkojo. Mwishowe akaacha kunywa maji kabisa. Chupa niliyokuwa nikimjazia kila asubuhi ilikuwa inarudi imejaa, nami mjinga nikadhani anasahau.

Akaanza kuungua akikojoa, akanyamaza kwa aibu. Wiki nzima! Aliponiambia alikuwa anatetemeka kwa homa, kiuno hakigusiki. Vijidudu vilikuwa vimeshafika kwenye figo. Nilimuuliza daktari waziwazi kama ugonjwa huu ni ushahidi wa uzinzi. Aliniangalia weee, kisha akasema, "Mama, huu ni ushahidi wa kubana mkojo." Nikaona aibu kwa niaba yako.

Msimamizi niachie mimi. Kesho naenda na cheti cha daktari, na mafundi wanane wamesema tutaongozana.

Mama anakusalimu, hajaambiwa kitu, presha yake unaijua. Shangazi naye anakusalimu. Nimemwambia akija tena na habari za mkojo wa watu, aje kwanza na shahada ya udaktari. Mungu akufikishe salama kila uendako, akuongezee na subira, maana uliyo nayo haitoshi.

Mkeo hajatuma salamu. Begi lake liko mlangoni, limefungwa. Homa imeshuka, na Ijumaa atakuwa na nguvu za kusafiri. Jana nikimpa dawa aliniuliza kitu kimoja tu: kama umewahi kuniuliza anaendeleaje. Nikamjibu ndiyo, umeuliza mara mbili.

Nimemdanganya mgonjwa kwa ajili yako. Mpigie simu kabla hajajua.

Dada yako akupendaye, hata leo