Waliopanda Juu ya Nyumba ya Germana

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Yotham Ndahani Chilewa
Umri: Miaka 74, kwa mujibu wa kadi. Siku ya kuzaliwa nilikuwepo, ila sikuangalia kalenda.
Kabila: Mgogo
Dini: Mkristo, nikiamka mapema
Kazi: Mkulima
Makazi: Zuzu, upande wa kilimani, Dodoma
Tarehe ya maelezo: 21/05/2025

Mimi ni mtajwa hapo juu. Ninaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Koplo Erica alianza kuniandikia vizuri tu, akafika mahali akaandika "pagale", kana kwamba ni gofu lisilo na watu, nikamwomba kalamu. Nilisoma mpaka darasa la tano, na neno "nyumba" walitufundisha mapema.

Nyumba yangu ni tembe. Kwa atakayesoma haya na amezaliwa ghorofani, tembe ni nyumba ndefu ya miti na udongo, fupi kwa kimo, na paa lake ni bapa, udongo vilevile. Ya kwangu kwa nyuma imeegemea mteremko, ili upepo wa huku upite juu utuache tulale. Ukishuka kutoka mlimani unakutana na paa kabla hujaona mlango. Mbuzi wanalijua hilo na hawapandi, kwa sababu mke wangu Germana ana shabaha ya mawe.

Juu ya paa ndipo tunapoanika. Mwezi wa tano Germana anaanika mlenda, majani tutakayokula mpaka mvua nyingine. Anayatandaza mwenyewe na hapendi mtu ayaguse. Mimi mwenyewe nimewahi kufukuzwa.

Mnamo tarehe 03/05/2025, Jumamosi, asubuhi, walikuja vijana na pikipiki za matairi manne. Walikuwa watano. Walipita katikati ya mtama wangu, wakazunguka kichuguu, wakarudi kupita palepale. Niliwafuata. Kwetu mgeni husimama nje ya mji wa mtu, anasalimia, anangoja aitikiwe. Kwa kuwa wao hawakusalimia nilisalimia mimi, nikasema, "Mbukwenyi." Kiongozi wao, ambaye sasa ninamfahamu kwa jina la Seth, akajibu, "Poa, mzee."

Nikamwambia shamba hili lina mwenyewe, na mwenyewe ndiye huyu anayeongea. Wakitaka kucheza waje nyumbani waombe, nitawaonyesha pa kupita pasipo na mazao.

Akasema, "Mzee, mbona hapa hakuna uzio?"

Nikamjibu, "Hata suruali yako haina uzio, mbona mimi siingizi mkono?"

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. Waliondoka, na mimi nikajua tumeelewana. Nilimweleza mwenyekiti wetu wa mtaa, Castory, akasema atawaita. Mpaka leo anawaita.

Mnamo tarehe 17/05/2025, Jumamosi tena, majira ya saa sita mchana, nilikuwa shambani nafukuza ndege. Germana alikuwa amelala ndani, kwa sababu ya jua. Mlango ulikuwa umefungwa kwa sababu ya kuku. Nimeambiwa Seth ameeleza hapa kituoni kwamba mlango ulikuwa umefungwa na hakuona mtu. Ni kweli. Mimi pia nikipita kwao mchana nikakuta mlango umefungwa sioni mtu, na huwa siendi kukaa juu ya bati lao.

Nilisikia ngurumo juu ya mlima, nikainua kichwa. Pikipiki ya kwanza ilishuka, ikapanda juu ya paa, ikasimama. Aliyekuwa nayo alikuwa binti, baadaye nilimjua anaitwa Shamila. Akatoa simu kupiga picha. Nilipiga kelele, nikatupa fimbo, nikakimbia kwa jinsi mzee anavyokimbia, yaani mdomo ulitangulia. Nilisema, "Ni nyumba hiyo! Kuna mtu!" Mashine zao zinasema kwa sauti kuliko mimi. Shamila alishuka upande wa pili. Seth akaja kwa kasi, nadhani alitaka kuruka kutoka kwenye paa. Paa likakatika.

Aliingia ndani na pikipiki yake. Nimeishi katika nyumba ile tangu nioe, na chombo cha kwanza cha moto kuingia kwangu kimeingia kwa juu.

Nilipofika moshi ulikuwa unatoka pale pa mlango na mashine bado inanguruma ndani. Seth alitoka mzima, amejaa vumbi, helmeti kichwani. Germana hakuwa na helmeti. Alikuwa amepumzika nyumbani kwake.

Seth akaniambia, "Mzee, kumbe kuna mtu? Sisi tulijua ni pagale."

Nilimpita nikaingia ndani bila kutania. Wanaonijua watashangaa.

Boriti ilikuwa imemlalia Germana nyongani. Shamila ndiye aliyeingia na mimi, akawa anafukua udongo kwa mikono, analia, anasema, "Shikamoo bibi, samahani bibi, shikamoo." Germana akamwitikia marahaba, maana hata chini ya boriti yule mwanamke ana adabu. Kisha akanitazama akasema, "Yotham, mlenda."

Tuling'oa mlango tukamlaza juu yake. Alipelekwa hospitali kwa gari lao la kubebea hizo pikipiki, waliloliacha barabarani. Shamila alishika kichwa chake njia nzima. Hilo niliandike, lisije likasemwa kwamba nimeficha. Daktari amesema nyonga imevunjika, na kutembea tuone.

Kabla gari halijaondoka, Castory alikuwa amefika. Mbele yake nilitazama matairi ya pikipiki ya Shamila, iliyobaki nje. Kwenye meno ya matairi ulikuwepo mlenda mkavu umebanwa na udongo. Nilimwambia Castory achomoe yeye mwenyewe, nisije nikaambiwa nimepachika. Jioni niliporudi nikaokota na uliobaki juu ya paa, ule uliokanyagwa. Vyote nimevileta katika kiroba.

Afande ameniambia swali ni hilo tu: ilikuwa nyumba au pagale? Ikiwa pagale, basi ni ajali, na aliyekuwamo aliingia kwa hatari yake. Ikiwa nyumba, Seth ndiye aliyeingia kwa watu. Mimi najibu hivi. Tangu mji uanze kuja mbio upande huu, kisichopigwa bati wanakiita pagale, na kisicho na uzio wanakiita pori. Kesho wataniangalia na mimi, sina meno, nimeinama, waseme hapa hapana mtu. Lakini hakuna mwanamke wa Kigogo anayetandaza mboga yake ya mwaka juu ya pagale. Walipita juu yake kwa matairi. Walikuwa na macho. Majani yamepangwa, yametandazwa, yana mawe pembeni yasipeperuke. Waliona ni nini? Nyasi zimejipanga zenyewe?

Sitaki kumfunga kijana. Shamila alikuja hospitali na uji. Seth amemtuma Castory aniambie tuyamalize nyumbani. Nimemwambia Castory amjibu kwamba nyumbani ndipo alipopabomoa, na kwamba yeye anasema hapakuwa nyumbani. Basi tukutane wapi?

Ninachotaka kiandikwe ni kimoja. Kwamba pale palikuwa na nyumba, ina wenyewe, na mwenyewe mmoja alikuwa ndani.

Kila nikienda wodini Germana ananiuliza kama mlenda umeanuliwa. Nimemwambia umeanuliwa wote, uko mahali salama. Sikumwambia uko polisi.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasema, na sina la kupunguza.

Sahihi: Y. N. Chilewa

Maelezo ya afisa: Shahidi ameandika mwenyewe mbele yangu na kusomewa tena, amekubali kuwa ni sahihi. Nimemshauri apunguze matani, amekataa. Katika karatasi ya kwanza niliyoianza mimi, neno "pagale" nimelikata, nimeandika "nyumba", na shahidi ametia sahihi pembeni. Nimepokea kiroba kimoja chenye majani makavu yaliyochanganyika na udongo, ambacho kitakuwa kielelezo. Shahidi ameomba kihifadhiwe pakavu na kirudishwe kesi ikiisha, kwa kuwa ni chakula.

Koplo Erica