Buu na Mbawakawa wa Dhahabu

Mume wangu mpenzi,

Unakumbuka mwaka ule wa tisini na moja ulipobisha hodi kwetu Nyamirambo, mwalimu wa biolojia kutoka Kagarama, ukiomba kukagua majani ya viazi vitamu nyuma ya nyumba? Baba alisimamisha cherehani yake. "Mwalimu, wewe iko natafuta wadudu ao binti yangu?"

"Kwa leo wadudu, mzee," ulijibu. Nilificha uso kwenye kitenge nikacheka.

Ulinifundisha kuwatenga mbawakawa wa majani: wale warefu weusi huku, wale wa duara wenye ganda kama la kobe, wanaong'aa dhahabu, kule. Tulitazama vipapasio, miguu, hata jani wanalolila. Kisha nikaona buu lenye miiba, limebeba mavi yake mgongoni kama mwavuli. Ulinishika mkono, ukasahau kuuachia.

"Huyu ni mtoto wa yule wa dhahabu. Ni aina moja!"

Baba alikunja uso. "Hii uchafu ikigeuka dhahabu, omba kitu unataka."

Tukaliweka kwenye chupa, tukafunika kwa kitambaa cha wavu, na ukawa unapita kila ukitoka shuleni. Likajigandisha kwenye jani, likatulia. Mama akasema limekufa. Asubuhi moja ganda likapasuka, akatoka mdudu laini, mweupe. Siku zilivyopita akaanza kung'aa, hadi tukashindwa kumwondolea macho. Nilikimbia na chupa mpaka kwenye cherehani. Baba akavua miwani, akaigeuza chupa kwenye mwanga wa mlangoni. Wewe ukakohoa kidogo.

"Mzee, ombi langu..."

"Najua," akasema. "Kaa kwanza."

Ndoa yetu haikupewa muda. Mauaji ya kimbari ya mwaka wa tisini na nne yalikuchukua, binti yetu akiwa bado tumboni. Lakini leo siandiki kwa kilio. Jana alitoa somo lake la kwanza chuoni, juu ya wadudu hawahawa! Nilikaa nyuma kabisa. Akasema jamii yao ina maelfu ya aina, na wengi bado hawana jina. Alipouliza kama kuna swali, nikanyoosha mkono.

"Nani anaruhusiwa kuwapa jina?"

"Yeyote atakayewatambua kwanza na kuwaeleza vizuri, mama."

Basi ujue, mume wangu, tangu alfajiri niko shambani napindua majani, nikitafuta mmoja asiye na jina, apewe lako.

Mkeo wa siku zote