Uvimbe wa Mama Ulianzia Wapi

Nakivale, Jumanne

Yaya Orpa, dada yangu,

Huku maharage yamekauka vizuri, na Mama anakusalimu. Ule uvimbe wake wa shingoni walikata kipande kule hospitali ya Mbarara. Jibu la kwanza lilisema ni kansa, ila haijulikani ilianzia wapi, hivyo wanapima tena. Nilishuku wamekipoteza kipande na wanatudanganya. Nikarudi na Mama kumwuliza daktari.

"Hakijapotea," akasema. "Tumekipaka dawa zinazoshika protini. Seli za shingoni zina protini za seli za titi. Kansa ilianzia huko."

Nikamwambia Mama hajawahi kuumwa titi. Mama akainamisha kichwa.

Tulipofika Kaberebere, njiani kurudi nyumbani, ndipo akasema, "Hii donge ya titi iko na miaka mbili. Orpa aliiona mbele ya kupanda ndege ya Kanada. Tulinyamaza juu safari yake isikawie."

Nikamwuliza ni nani aliyeamua hivyo, akasema ni yeye. Jumatatu anaanza matibabu.

Anakutetea sana, Yaya, na ndiyo maana simwamini. Niandikie wewe mwenyewe ni nani kati yenu aliyesema mnyamaze.

Mdogo wako,
Goretti