Lenzi Isiyovuta Mbali

Dada yangu, mwenye maringo ya ng'ambo,

Pokea salamu za mpigapicha bingwa wa mtaa, yaani mimi, mdogo wako ambaye uliapa kwamba sitaweza kupiga hata mluzi. Nimenunua lenzi! Muuzaji alishikilia ninunue ile ndefu ya kuvuta mbali, pamoja na begi na stendi. Nikamwambia, "Kaka, mimi siwindi ndege." Nikachukua fupi iliyotumika, yenye ukungu kidogo ndani, kwa bei ya kutupa. Inaona vizuri penye mwanga hafifu, na chumbani kwa Mama pazia halifunguliwi siku hizi. Jua linamuumiza macho.

Jana asubuhi nilimpiga picha. Ule ukungu ukamzungushia weupe laini, utadhani anaelea ndotoni. Akacheka, akasema, "Acha nafasi hapa kushoto, dada yako akae." Basi nusu ya picha ni Mama, nusu ni mto usiolaliwa na mtu.

Daktari hataki kutaja siku zilizombakia Mama. Nami, fundi wa kila kitu, nimeshindwa hapo: lenzi hii haimvuti aliye mbali. Anayetaka kuonekana husogea mwenyewe.

Njoo, Dada. Nafasi bado ipo.

Ni mimi, mtundu wako