Kofia Nyekundu Upande wa Kushoto

Jumamosi, 3 Agosti

Mazoezi ya tenisi Bukoba. Kiwanja kikavu, vumbi hadi kwenye meno. Nyangoma kasimama kushoto. Tena. Aliweka chupa yake ya maji upande ule hata sijamaliza kufunga kamba za viatu.

Mipira kumi na minne kwenye bakhendi yake, lile pigo la mgongo wa mkono, kumi imeishia kwenye neti. Nilihesabu. Mimi kulia, mkono kiunoni, natazama kama mtu anayeona maharage yakiungua kwenye jiko la jirani.

Naandika kwa sababu sina pa kusemea. Kwenye dabo, wawili kwa wawili, anayeanza kupokea kushoto anabaki kushoto hadi seti iishe. Na gemu nyingi huamuliwa kushoto. Thelathini kwa arobaini, kushoto. Advantej, ile pointi ya kutangulia baada ya sare, kushoto. Kwa hiyo kushoto anasimama mwenye bakhendi nzuri. Mwenye bakhendi ni mimi. Pale kiwanjani kila mtu anajua, hata mbuzi wanaokula majani nyuma ya uzio.

Lakini yeye ni Nyangoma, pacha wa kwanza, na mimi ni Nyakato, wa pili. Alinitangulia kuzaliwa kwa dakika ishirini, basi ananitangulia kwenye kila kitu. Miaka arobaini na miwili sasa. Nimechoka.

Jumapili, 4 Agosti

Misa, halafu Nyanga kwa mama yetu, Mae. Kahawa imeanikwa mbele ya nyumba yote, tukazunguka kwa nyuma, kupitia migombani.

Mama yetu anatugawia sawa, hilo nakiri. Mapacha hawabaguliwi. Kitambaa kimoja, magauni mawili. Hata kofia za tenisi kanunua yeye, nyekundu ya Nyangoma, buluu yangu, baada ya mwamuzi kulalamika kwamba hajui nani ni nani. Sawa kwa sawa. Ila sahani ya kwanza ni ya Nyangoma. Ebitoke, ndizi zetu za kupika, vikipakuliwa, mkono wa Mae unakwenda kwake kwanza, bila kufikiri.

Leo nimesema mbele ya Mae: Jumamosi tukicheza na Muleba, nipe kushoto. Nyangoma akacheka. Kushoto ni kwa mkubwa, kasema. Nikamwambia mpira hauulizi cheti cha kuzaliwa. Akasema kama sitaki upande wa kulia, yupo binti anayemsaidia kwenye duka lake la dawa pale Bilele, ana nguvu, atacheza naye. Alisema huku anatafuna. Tumecheza pamoja tangu shule ya msingi na anataka kunibadilisha na muuza panadol.

Jumatano, 7 Agosti

Muleba. Madaftari sitini ya darasa la sita. Ofisini wananitania: mshahara Muleba, raketi Bukoba. Wacheke tu.

Wapinzani wetu ni Adventina, mwalimu mwenzangu, tunakaa meza moja, na rafiki yake muuguzi. Adventina huniletea maparachichi ya kwao kila Jumatatu. Mtu mwema. Mpira anauanzisha vibaya sana, yaani vibaya kwetu.

Ujumbe wa Nyangoma: "Usisahau soksi nyeupe. Unakaa kulia." Hata salamu hakuna. Nimeufuta. Halafu nimejuta, ulikuwa ushahidi.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimemjibu. Sawa, kulia. Nimekubali kwa mdomo tu.

Jumamosi, 10 Agosti

Niandike kwa mpangilio.

Seti ya kwanza tumeshinda. Ya pili tumefungwa, kwa sababu moja tu: Adventina ameshagundua. Kila akianzishia kushoto, mpira unakwenda kwenye bakhendi ya Nyangoma. Hahitaji hata kufikiri.

Kabla ya seti ya tatu sheria inaruhusu kubadilishana. Niliomba. Niliomba kwa adabu, nikamwita "dada", neno ambalo silitumii kwake. Alikataa. Watu wanatutazama, kasema.

Tatu kwa nne, wao mbele. Tukaenda kwenye benchi. Nyangoma alijifuta uso kwa taulo, muda mrefu mno. Taulo ilipotoka, kofia haikuwa kichwani. Aliiweka mapajani kwangu.

"Vaa. Sasa wewe ni mimi."

Katikati ya seti hairuhusiwi. Anajua. Mimi ndiye niliyemsomea sheria hiyo. Nikavaa, yangu nikampa. Naandika tena ili baadaye nisije nikajidanganya: nikavaa, na kwa haraka.

Nne kwa nne. Adventina anaanzisha. Advantej yetu. Alitazama ng'ambo, akaona kofia nyekundu, akapeleka mpira palepale alipoupeleka mchana kutwa. Bakhendi. Nikaupitisha pembeni ya muuguzi, juu ya mstari kabisa, chaki ikaruka. Sijawahi kupiga mpira kama ule maishani. Gemu iliyofuata tulianzisha sisi, tukamaliza. Sita kwa nne.

Halafu hili. Kabla hatujafika kwenye neti kupeana mikono, Nyangoma aliniondoa kofia kichwani. Kwa vidole viwili. Akavaa, ya buluu akanirudishia. Mwenyekiti wa klabu akatangaza bakhendi ya Nyangoma. Makofi. Picha, Nyangoma katikati. Zawadi mbuzi.

Mimi nilishika kamba ya mbuzi.

Jumapili, 11 Agosti

Kanisani watu wanne walimpa mkono Nyangoma. Nilihesabu tena. Mwenyekiti kamwomba Jumamosi ijayo awafundishe wasichana wa sekondari bakhendi. Bakhendi! Kakubali, bila haya, huku mimi nimesimama pale na kitabu cha nyimbo.

Nikisema ni mimi niliyepiga, nasema tumeiba. Nikinyamaza, ni yeye aliyepiga. Nimekwama kotekote, na kwa hasira hii siwezi hata kusali.

Nyanga. Mbuzi kafungwa nyuma ya jiko. Mae jana alikuwepo uwanjani, kakaa na mwavuli wake karibu na benchi. Hatukumfikiria. Watu wote tuliwadanganya kwa kofia, tukamsahau aliyetuzaa. Leo alipopakua, sahani ya kwanza ilikuja kwangu. Nyangoma alikuwa ameshanyoosha mkono. Ulibaki hewani.

"Mbuzi yule hatachinjwa hapa, waitu," alisema Mae. Akaendelea kupakua.

Miaka yote nimeitaka sahani ile ya kwanza. Leo sikuweza kuimaliza.

Jumatatu, 12 Agosti

Adventina kaja na parachichi kama kawaida. Hana kinyongo. Ananiambia jana jioni nzima alikuwa akijifunza kuanzishia katikati, kwa sababu Nyangoma karekebisha bakhendi na sasa hajui ampelekee wapi. Anajilaumu. Anasema amezeeka, hakuona mabadiliko.

Hapo nilishindwa. Nikamwambia. Yote, kabla ya kengele ya kipindi cha tatu. Benchi, taulo, kofia.

Hakunitukana. Alichukua parachichi lake mezani, akaenda darasani.

Mchana nikampigia Nyangoma. Kasema nimengoja maisha yangu yote nimwaibishe. Nikamwambia ni kweli, ila sikutaka iwe hivi. Akakata simu.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimemchukua mbuzi Nyanga, nikampakia kwenye buti la kosta ya Muleba. Alilia hadi Kemondo. Abiria wakanigeukia kana kwamba mimi ndiye ninayelia. Muuguzi alimpokea mlangoni kwa Adventina, akasema asante kwa sauti ya zahanati. Adventina alikuwa ndani. Hakutoka.

Habari zimemfikia mwamuzi, kafuta ushindi wetu. Mwakani hatuchezi. Kasema amechezesha miaka mingi na hakuna aliyewahi kumfanya mjinga kwa kofia mbili. Ana haki. Wasichana wa sekondari wameambiwa hakuna mafunzo.

Kwa hiyo aliyeomba kihalali, akakataliwa, akavishwa kofia, akavuliwa kofia, akapeleka mbuzi, ndiye anayenuka mbuzi. Nyangoma hapokei simu. Binti wa duka la dawa ndiye anayepokea, eti dada yuko na wateja. Wateja gani wa siku nzima, Bilele imeugua?

Lakini niliivaa. Kila nikipandisha hasira juu, narudi palepale.

Jumatano, 21 Agosti

Nimekuta nusu parachichi kwenye meza yangu, imefunikwa kwa karatasi ya daftari. Adventina alikuwa anasahihisha, hakuinua kichwa. Nimekula na chumvi.

Jumamosi, 24 Agosti

Nilifika kiwanjani saa moja na nusu. Nilidhani sitamkuta. Alikuwepo, anajinyoosha karibu na uzio. Kichwa wazi. Hatukusalimiana.

Wanaume wawili wa benki walitaka mchezo wa kupasha misuli moto. Tukakubali, kila mmoja kwa wakati wake. Nilipogeuka, chupa yake ya maji ilikuwa kulia.

Nikaenda kushoto.

Kuna kitu sikukijua. Asubuhi, upande ule, jua linapenya kati ya miti miwili na kuingia machoni moja kwa moja. Mechi ilikuwa mchana, sikuliona. Yeye kasimama humo kila Jumamosi asubuhi na hajawahi kulitaja. Mimi nilikuwa nikihesabu mipira yake kwenye neti.

Thelathini kwa arobaini. Mpira ukaja kwenye bakhendi. Sikuuona hadi umefika. Nikaupiga kwenye neti.

Nikangoja acheke. Hakucheka. Alikwenda kuuokota, akawarushia wenzetu. Aliporudi alisema, bila kunitazama, kwamba jua la upande huo ni baya, nivae kofia.

Ya buluu ilikuwa kwenye mkoba. Nikaivaa, nikarudi mahali pangu.